Reli Iliyopita Kabatini

Mtaani walimwita Fundi Meno, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Ndiyo kazi iliyomlisha. Daktari wa meno huchukua chapa ya kinywa cha mtu, huipeleka maabara, na huko, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, mwanamke huyu hutengeneza meno ambayo mwenye kinywa, baada ya wiki chache, husahau kwamba hayakuota humo. Jino likizidi kwa unene wa karatasi, yeye huliona kabla mgonjwa hajaling'ata.

Akirudi nyumbani, mikono hiyohiyo ilikuwa na kazi ya pili. Fundi Meno alikuwa anajenga reli.

Wala si ile ya plastiki ya watoto, inayozunguka mguu wa meza na kuishia uvunguni mwa kochi. Yake ilikuwa nchi nzima iliyopunguzwa, kwa kipimo ambacho mtu mzima hazidi pingili ya juu ya kidole gumba. Ramani yake ilikuwa na stesheni yenye baraza, karakana ya injini, tangi la maji, soko, daraja la vyuma, na nyumba za wafanyakazi zenye milango inayofunguka. Plasta ya kumwagia chapa za meno ilimpa miamba na kingo za mto. Ile resini ya waridi inayotengenezewa fizi za bandia, akiitia rangi ya kahawia kidogo, ilimpa vigae vya paa vizuri kuliko vya dukani.

"Paa zote hizo mnazoziona ni fizi," mumewe alikuwa akiwaambia wageni kwa fahari, na wageni walitazama mara ya pili wakiwa wamefumba midomo.

Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu mpole ambaye hata siku ya mapumziko alikuwa na unga kwenye nyusi. Kuhusu reli hakujua lolote, ila alijua raha ya mtu kuwa na kazi anayoipenda mikononi, kwa hiyo hakuuliza maswali ya ovyo. Binti yao mdogo alipoolewa na kuhama, chumba cha nyuma kikabaki wazi, na Mwokaji ndiye aliyesema, "Mama watoto, toa vitu vyako kwenye maboksi. Vimefungwa miaka mingi kama wafungwa." Fundi Meno akaweka plaiwudi kubwa katikati ya chumba, akaanza kutandaza reli.

Alikuwa hajamaliza hata mzunguko wa kwanza simu ilipopigwa. Mama yake Mwokaji ameteleza bafuni kwake, amevunjika nyonga.

Walimfanyia upasuaji, wakaweka chuma, mfupa ukashika vizuri. Hospitali ikasema anaweza kutoka, mradi asikae peke yake. Jioni ile Mwokaji alizunguka jikoni akipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Sema tu," mkewe akamwambia.

"Mama..."

"Mama anakuja hapa. Kwani angekwenda wapi?"

"Na chumba?"

"Chumba ni chake."

Mwokaji akashusha pumzi, lakini kikombe hakukiachia. "Na reli yako? Utaivunja?"

"Nani kasema nitaivunja? Itapanda ukutani."

Na ikapanda kweli. Fundi Meno alipasua plaiwudi ile vipande vyembamba, akavifunga ukutani kwa vishikio vya chuma, vikawa rafu moja inayozunguka chumba chote kwa kimo cha ukingo wa chini wa dirisha. Kwenye pembe aliipanua, maana treni haigeuki kama mtu anayekwepa dimbwi. Inataka nafasi na heshima yake. Mlangoni aliweka kipande cha kuinua na kushusha, kama kile cha kaunta ya duka, ili watu waingie na kutoka. Mbele ya kitanda akapaacha wazi kabisa, rafu tupu yenye reli tu, ili mgonjwa asihisi kuwa mji mzima unamwangukia.

Kikwazo kilikuwa kabati. Lilikuwa kabati la mbao ngumu, la shangazi yake Mwokaji, pana na zito kiasi kwamba wanaume wanne walijaribu kulisogeza wakaishia kulisifu. Kulizunguka kungekula nafasi ya kitanda. Fundi Meno alisimama mbele yake mikono kiunoni, akalitazama kwa muda, kisha akaenda kuleta msumeno.

Mwokaji aliporudi kutoka kazini alikuta vumbi la mbao ndani ya viatu vyake vya harusi.

"Umetoboa kabati la shangazi!"

"Nimelipatia handaki," akajibu mkewe, huku akilainisha ukingo wa tundu kwa msasa. "Shangazi yako alikuwa mtu wa kwenda na wakati. Angefurahi."

Mama mkwe aliletwa kwa gari, akashushwa kwa kiti cha magurudumu. Jina lake la mjini lilikuwa Mama Sare. Alikuwa ameshona sare za shule, za wauguzi, za walinzi na za makondakta; nusu ya mji ilikua ikiwa ndani ya nguo zake, na wengi bado walinyoosha mgongo wakimwona. Alikuwa na sauti ya kuita mteja wa upande wa pili wa barabara bila kuinuka kwenye cherehani. Alipofikishwa chumbani, akatazama ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, akatazama reli iliyoingia ubavuni mwa kabati na kutokea upande wa pili.

"Mwanangu," akamwambia Mwokaji, "mmenileta nyumbani au mmenishusha stesheni?"

"Karibu, Mama," alisema Fundi Meno. "Nguo zako ziko upande wa juu wa kabati. Chini inapita treni."

"Inapita na nani?"

"Na abiria."

Mama Sare akageuza uso, akaomba alazwe.

Wiki za kwanza hazikuwa rahisi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kila mara, mwanamke mwenye mabega ya mbeba magunia ambaye nyumba nzima ilimwita Mnyooshaji. Alileta fremu ya chuma ya kutembelea, akaisimamisha kando ya kitanda, akaonyesha namna ya kuinuka: "Sogea ukingoni, Mama. Leta pua juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma." Mama Sare alimsikiliza kwa adabu, akamsifu kwa maelezo mazuri, na hakusogeza hata kisigino. Siku nyingine alijifanya amelala, na alikoroma kwa ufundi mkubwa. Fremu ikageuka kuwa ya kutundikia kanga.

"Mfupa umepona," Mnyooshaji aliwaambia jikoni. "Kilichobaki si mfupa."

Fundi Meno aliendelea na kazi yake. Kila jioni alibisha hodi, akaomba ruhusa, akakaa kwenye kigoda mbele ya meza ndogo iliyokuwa pembeni, nyuma ya mlango, akachonga. Alikuwa amefika kwenye jengo la stesheni. Alilitengeneza kwa plasta, akachora kila jiwe kwa ncha ya chuma cha kuchongea meno, akatia milango, madirisha na nguzo za baraza, kisha akamsimamisha mlangoni mkuu wa stesheni mdogo mwenye kofia. Kwake kazi ilikuwa nzuri. Alijua ilikuwa nzuri.

"Yule mtu wako ni mwizi?" sauti ikatoka kitandani.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Sare kuizungumzia reli tangu siku aliyofika.

"Mtu gani, Mama?"

"Huyo wa kofia uliyemsimamisha mlangoni. Naona itabidi ainame kuingia. Mkuu wa stesheni gani anaingia ofisini kwake ameinama?"

Fundi Meno akamchukua yule mtu kwa kibano, akamsogeza hadi kizingitini. Kofia ikagonga ubao wa juu. Alitazama kutoka kulia, akatazama kutoka kushoto. Kwa jioni nyingi alikuwa akilitazama jengo lile kutoka juu, akiwa ameliinamia. Mama Sare, aliyeegemea mito yake, alikuwa akiliona kama anavyoliona mtu aliyesimama barabarani.

"Uko sahihi," akasema, akautoa mlango mzima kwa kisu.

"Na paa lake limesimama mno. Mvua ikinyesha maji yatawarukia abiria."

"Hapo umekosea, Mama. Paa la vigae likilala sana, maji hurudi ndani. Mwinuko huo ndio unaotakiwa."

Mama Sare alinyoosha shingo, akalipima paa kwa jicho lililopima mabega ya watu miaka arobaini. Kuna watu ukiwapinga wanakasirika, na kuna wengine ukiwapinga kwa hoja wanapata hamu ya kuongea. Yeye alikuwa wa aina ya pili, ila muda mrefu hakuna aliyethubutu kumjaribu.

"Haya," akasema. "Na mabehewa yako mbona hayana mapazia? Abiria wanakaa uchi na jua hili?"

"Sina mkono wa sindano."

"Nilijua. Nipe lile kopo langu la nyuzi."

Ndivyo ilivyoanza. Mama Sare alikata vipande vya kitambaa visivyofikia ukubwa wa stempu, akavikunja pindo kwa sindano nyembamba kuliko zote alizowahi kushika, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Behewa la abiria likapata mapazia ya kijani. Mabehewa ya mizigo yakapata maturubai yenye kamba za kufungia. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi akatundika nguo kwenye kamba: mashati, shuka, na chupi moja kubwa nyekundu.

"Mama!" Mwokaji alishtuka alipoiona.

"Nini? Hawa wafanyakazi wa reli hawavai?"

Fundi Meno akampa kisanduku cha kuendeshea, kikakaa kitandani kando ya mto. Kilikuwa na kirungu cha mwendo na vitufe vichache vya kubadilisha njia. Mchana, watu wakiwa kazini, Mama Sare ndiye aliyekuwa reli yote. Jirani wa ukuta wa pili alimsikia akitangaza: treni ya haraka inaingia, abiria wasogee nyuma, mwenye mzigo ashike mzigo wake, hatutaki kesi. Mwokaji naye akagundua kwamba skonzi moja ndogo hutosha kabisa kwenye behewa la wazi. Aliiweka mlangoni, akapiga mluzi, na treni ikamletea mama yake kifungua kinywa hadi kifuani. Wote walicheka. Fundi Meno alicheka pia, kisha akaona kitu. Mama mkwe wake alikuwa na furaha, na alikuwa ameanza kuzoea kitanda.

Mnyooshaji aliposema misuli ya mapaja inaanza kusinyaa na kwamba ikisinyaa zaidi kuirudisha itakuwa shughuli, Mwokaji alikuwa na mpango tayari. "Tumwekee kopo la nyuzi mbali. Tujifanye tumesahau. Atainuka mwenyewe."

"Mama si samaki wa kuvuliwa kwa chambo," alisema mkewe. Akaenda chumbani, akavuta kigoda hadi kando ya kitanda, akakaa.

"Mama, nina neno, na nataka ulisikie kwangu."

Mama Sare akaweka sindano chini. "Sema."

"Kituo cha mizigo nitakijenga kule, karibu na meza yangu, nyuma ya mlango. Kitakuwa na swichi ya kuchagua treni iingie ghalani au iendelee na safari. Naweza kuifungia mota, ukaibonyeza kutoka hapo ulipo. Sitafunga. Itakuwa ya mkono."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka uinuke."

"Kwa hiyo unanikomoa."

"Ndiyo, Mama. Nakukomoa."

Hakuna aliyewahi kumjibu Mama Sare hivyo. Wengine wangeapa kwamba hapana, wangeleta maneno ya asali.

"Mwenye mguu ni mimi," akasema.

"Na mwenye swichi ni mimi."

Mama Sare akafunga kopo la nyuzi, akalisukuma mbali, akageukia ukutani. Lakini hata huko alikogeukia kulikuwa na reli, kwa hiyo akafumba macho.

"Umemwambiaje mama yangu?" Mwokaji aliuliza wakati wa chakula cha usiku, sahani ya mama yake ikiwa imerudi haijaguswa.

"Ukweli."

"Ungemzungukia kidogo."

"Mama yako hazungukwi. Ningemfanyia hila angeijua kabla sijamaliza kuifikiri, na kuanzia hapo asingeamini hata nikimwambia leo ni leo. Acha anune. Mtu anayenuna ana nguvu bado."

Kituo cha mizigo kikajengwa mbele ya macho yale yaliyofumbwa: ghala lenye milango ya kuteleza, winchi ya kuinulia mizigo, na nafasi tupu ya magunia, maana mshonaji alikuwa amegoma. Swichi ikawekwa, mkono mfupi wa shaba wenye kichwa chekundu. Mama Sare alikula, alioga kwa msaada, alijibu salamu, na zaidi ya hapo alikuwa haambiliki hasemezeki.

Siku moja Mwokaji alichelewa. Alitoka chumbani kwa mama yake na sinia la chai mkono mmoja, akashusha kipande cha mlangoni kwa mkono wa pili bila kutazama, akakimbilia kazini. Kipande kilikaa, ila hakikukaa sawasawa. Reli zake zilipishana na zile za ukutani kwa upana wa unywele.

Mama Sare alisubiri nyumba itulie. Kununa ni kununa na ratiba ni ratiba. Mara mlango wa mbele uliposikika ukifungwa, akavuta kisanduku, akaiwasha treni ya haraka. Injini ikapita karibu naye, ikaingia kabatini, ikatoka, ikazunguka pembe, ikafika mlangoni. Ilirukaruka pale kwenye kiungio lakini ikavuka. Behewa la kwanza likavuka. La pili likavuka. La mwisho likapiga kiungio, likainama, likateleza nje ya rafu.

Akazima umeme papo hapo. Treni ikasimama. Behewa lile likabaki likining'inia hewani, limeshikwa na kulabu yake tu, na chini yake ilikuwa sakafu ya saruji.

Lilikuwa behewa la chakula. Fundi Meno alilikunja mwenyewe kutoka kwenye bati la shaba, akalitia madirisha, akaweka ndani taa ndogo kama punje za mchele. Meza zake zilikuwa na vitambaa vyeupe, na vitambaa hivyo Mama Sare alivikunja pindo kimoja kimoja kabla ya ugomvi. Upepo kidogo ukaingia dirishani. Behewa likayumba, na kulabu ikasogea.

"Jamani!" akaita. "Jirani!"

Jirani hakuwapo. Akaita tena, na sauti yake mwenyewe ilimrudisha mahali ambapo hakutaka kurudi. Siku ile bafuni aliita hivyohivyo, akiwa amelala juu ya vigae vyenye maji, akaita mpaka koo likakauka, na aliyemsikia alimsikia kwa bahati. Tangu siku ile jambo moja alikuwa na hakika nalo, ingawa hakumwambia mtu: sakafu ilikuwa inamsubiri. Popote penye sakafu, ilikuwa inamsubiri yeye.

Behewa likayumba tena.

"Ngoja," Mama Sare akaliambia. "Ngoja, mshenzi wewe, usianguke."

Akatupa kanga zilizokuwa juu ya fremu, akaivuta. Akasogea ukingoni. Pua juu ya vidole vya miguu. Akasukuma. Paja likaungua kama limemwagiwa maji ya moto, na chumba kikawa kirefu ghafla. Lakini alikuwa amesimama. Akapiga fremu mbele, akaburuta mguu. Akapiga tena. Alipita mbele ya kabati akijishikilia, akatukana kidogo, akaomba msamaha kwa hayo matusi, akaendelea. Alipofika mlangoni alitoa mkono mmoja kwenye fremu, akaupeleka chini ya behewa, kiganja wazi. Kulabu ikaachia. Behewa likaangukia mkononi mwake, jepesi, lenye baridi ya shaba.

Akasimama hapo akihema. Kisha akageuka kutafuta kitanda, na kitanda kilikuwa mbali. Kigoda cha mkwewe kilikuwa karibu zaidi, pale nyuma ya mlango. Akalitia behewa kifuani ndani ya gauni, akaiendea meza. Kabla ya kukaa akaona, mbele ya uso wake, mkono mfupi wa shaba wenye kichwa chekundu.

Akaubonyeza. *Tak.* Njia ikageuka kwenda ghalani. Akaurudisha. *Tak.*

"Aisee," akasema peke yake.

Fundi Meno alirudi kutoka maabara, akaona kitanda kitupu na kanga sakafuni. Alishika fremu ya mlango na macho yake yakaenda chini kwanza, sakafuni, kila upande. Hakukuwa na mtu sakafuni.

"Huku," ilisema sauti nyuma ya mlango. "Usinitafute chini kama sarafu."

Mama Sare alikuwa amekaa mezani, miwani miwili puani, kibano mkononi, behewa la chakula mbele yake limelala ubavu.

"Mtu wako huyu ameumia mguu," akasema. "Gurudumu moja limepinda. Nimekuwa nikimfanyisha mazoezi."

Fundi Meno alifungua mdomo.

"Usinisifu," Mama Sare akamkata. "Ukinisifu tu, narudi kitandani na sitoki."

"Sikusifu. Nilitaka kusema umelishika behewa vibaya. Shika kwenye fremu, si kwenye dirisha."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni mama mkwe, kicheko cha chini kilichopanda polepole hadi kikamtoa machozi, na mkwewe akakaa kitandani, akacheka naye.

"Lakini uliniwekea mtego," alisema Mama Sare akifuta macho. "Ulilegeza reli makusudi."

"Haki ya nani, Mama, sikulegeza. Ningetaka kukutega ningetumia behewa la makaa ya mawe, si hili."

Hakumwamini, na hamwamini mpaka leo. Jioni Mwokaji alipoungama kuhusu kipande cha mlangoni, mama yake alimwambia asijitwike kesi ya mkewe.

Mnyooshaji aliporudi alimkuta mgonjwa wake amesimama kwenye kituo cha mizigo akigombeza winchi. Alichosema hakikusikika vizuri, maana alikuwa amefunika mdomo. Kuanzia hapo kazi ikaenda kwa kasi. Mama Sare alitembea kutoka swichi hadi stesheni, kutoka stesheni hadi darajani, akidai kwamba mkaguzi wa reli hawezi kukagua akiwa amelala. Fremu ikabadilishwa kwa fimbo. Alishona magunia ya ghala, akayajaza mchanga. Akawashonea wapagazi sare, koti na suruali, kwa kitambaa alichokipaka gundi ili kikae na mikunjo, na wale watu wadogo ghafla wakaonekana wana mishahara na wake.

Walipoizindua, chumba kilijaa. Jirani alikuja, Mnyooshaji akaja, binti akaja na mumewe, na Mwokaji akaleta trei mbili za skonzi. Treni mbili ziliondoka kwa wakati mmoja kutoka pande mbili, zikapishana kwenye njia mbili za ndani ya kabati ambapo hakuna aliyeona, zikatokea kila moja kwake. Watu wakapiga makofi. Fundi Meno alisimama katikati ya chumba mikono kiunoni, akaitazama kazi yake yote ikizunguka, mapaa ya fizi, mito ya plasta, chupi nyekundu upeponi, na hakuona hata mahali pamoja pa kuomba radhi.

Siku chache baadaye Mama Sare akatangaza kwamba anarudi kwake.

"Haiwezekani," alisema Mwokaji. "Kule uko peke yako. Kuna lile bafu."

"Bafu litawekewa vishikio na mkeka wa mpira."

"Mama, tafadhali. Mama watoto, hebu mwambie."

Fundi Meno alimtazama mama mkwe wake, aliyesimama wima kando ya fimbo yake, bila kuiegemea.

"Nimwambie nini? Mtu anayo miguu, anayo nyumba. Vishikio vya bafuni nitavifunga mimi mwenyewe, najua kupiga skrubu isitoke."

Akavifunga. Alivuta kila kimoja kwa uzito wake wote, akaning'inia kama mtoto, Mama Sare akiwa mlangoni akimwambia avute zaidi. Kisha wakaachana, na chumba cha nyuma kikawa kimya mchana. Fundi Meno alikiri kwa mumewe kwamba treni haziendi vizuri bila mtu wa kuzitangaza.

Simu ililia siku moja maabara, wakati anachonga jino la mbele la mwalimu mmoja aliyetaka kupiga picha ya kustaafu.

"Mwanangu," ilisema ile sauti, na wenzake wa meza za jirani waliisikia bila kuinua shingo. "Nina fundi seremala hapa sebuleni. Ameleta plaiwudi. Anauliza rafu iwe na upana gani."

Fundi Meno akaweka jino chini. "Sebuleni?"

"Ulitaka niweke jikoni? Nimemwambia njia ipite juu ya kochi, iende hadi kwenye cherehani, na pale kwenye cherehani pawe na soko kubwa. Anasema kwenye pembe ataikata mraba, itapendeza zaidi. Nimemwambia treni si kabati. Habishi tena, ila naona hajanielewa."

"Mwambie asiguse pembe," alisema Fundi Meno, huku mkono wa pili ukiwa tayari unafungua aproni. "Akate zile za kunyooka tu. Pembe anisubiri, ninakuja na msumeno wangu."